Waliouziwa Asili Yao

Mwaka 1815 Jumuiya ya Nyanda za Juu ya London, chama cha mabwana wa Kiskoti waliohamia kusini, iliamua kukusanya sampuli za tartani za koo za kaskazini mwa Uskoti kabla hazijapotea. Wakuu wa koo wakaandikiwa barua: kila mmoja alete kipande cha kitambaa cha ukoo wake, akitie saini na kukipiga muhuri wa nembo yake, kiwekwe kwenye hifadhi. Lord Macdonald, mkuu wa ukoo wenye jina kubwa na bwana wa ardhi tele katika kisiwa cha Skye, alijibu kwa adabu zote. Alisema kwa kweli hajui tartani ya Macdonald ni ipi hasa. Akawaomba wafanye kila wawezalo wampatie iliyo halisi, kusudi aipige muhuri.

Yaani aliyetakiwa kutoa ushahidi aliwaomba waliomtaka wautafute wenyewe, kisha yeye aje kuuthibitisha. Mwenzake, Robertson wa Struan, angalau alijisumbua: aliwauliza wazee wa ukoo. Wote walidai kuijua tartani ya Robertson, na kila mmoja akaieleza kivyake.

Hapo mtu mwenye busara angeandika neno moja, "Hatuna," akafunga bahasha. Wakuu wale hawakuandika hivyo. Walikwisha kuamini kwamba kila ukoo ulikuwa na kitambaa chake tangu enzi na dahari, na kwamba kama chao hakionekani basi kimefichika mahali fulani, kinangoja kupatikana. Anayetafuta kwa imani ya namna hiyo hakosi kitu sokoni. Atakayemletea yupo.

Tartani ni kitambaa cha sufu kinachofumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi. Mtande hupangwa kwa mfuatano fulani wa rangi na mshindio ukafuata mfuatano uleule, hivyo mistari inapokatana hutokea miraba mikubwa kwa midogo. Kwa mbali msomaji wa kwetu angedhani ni shuka ya Mmaasai. Ukikisogeza machoni utaona kila uzi unapanda juu ya nyuzi mbili na kuzama chini ya mbili, na kila mstari unaofuata umesogea hatua moja, ndiyo maana uso wake una vijistari vya mshazari. Uzi mwekundu unapopandana na wa buluu hakuna aliyechanganya rangi pale. Jicho lenyewe ndilo linalozichanganya likaona zambarau. Mfumaji mwenye nyuzi za rangi sita anapata rangi 21 machoni mwa mtazamaji. Mfuatano wenyewe hurudi nyuma kama mtu aliyefika ukutani: nyuzi kadhaa za kijani, kadhaa nyeusi, nne nyekundu, kisha nyeusi tena na kijani tena. Ukijua hesabu ya nyuzi, umeijua tartani. Rangi zikiwa nyepesi au nzito, hesabu ni ileile.

Kitambaa chenyewe ni cha kale, hilo halina ubishi. Karibu na Falkirk, si mbali na ukuta uliojengwa na Warumi, kilipatikana kipande cha sufu cha miraba ya kahawia na nyeupe kilichoziba mdomo wa mtungi wa fedha za karne ya 3. Katika bonde la Glen Affric, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kinamasi kilitoa kipande kingine chenye kijani, kahawia, nyekundu na njano, ambacho wataalamu wamekipima na kukiweka kati ya mwaka 1500 na 1600. Mwaka 2023 kilitundikwa katika jumba la makumbusho la V&A mjini Dundee. Hakuna ajuaye aliyekivaa, na hakina jina la ukoo.

Shahidi mzuri kuliko wote ni Martin Martin, mwenyeji wa Skye mwenyewe, aliyechapisha kitabu kuhusu visiwa vya magharibi mwa Uskoti mwaka 1703. Anaeleza jinsi wanawake walivyohangaika kulinganisha rangi, na jinsi walivyoweka kumbukumbu ya kila mstari kwa kuandika idadi ya nyuzi kwenye kijiti. Rangi zilitoka porini, katika kuvumwani inayokwanguliwa juu ya majabali, magome na mizizi, na kwa wenye uwezo nili na wekundu wa wadudu wakavu walioletwa na meli kutoka Mexico. Anasema pia kwamba kila kisiwa kilikuwa na mtindo wake, kiasi kwamba mtu aliyetembea sana angeweza kumtazama mwanamume nguo akakisia anatoka wapi. Anatoka wapi, si mwana wa nani. Majirani walivaa alichofuma mfumaji wao, kwa rangi zilizoota karibu nao, na jirani yeyote kati yao angeweza kuwa MacLeod, Nicolson au mkwe aliyehamia juzi.

Katika vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, jeshi la Mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyepigania taji la Uingereza kwa ajili ya nasaba yake, lilipokatwakatwa na majeshi ya serikali ndani ya muda usiofika saa moja, wapiganaji wa Nyanda za Juu walikuwa pande zote mbili. Aliyetaka kumjua wa kwake alitazama kofia, kwa kuwa watu wa Charles walibandika utepe mweupe. Mchoraji David Morier aliwachora wapiganaji wanane wa kaskazini wakikabiliana na askari wa serikali, na walioikagua picha yake wamehesabu zaidi ya tartani 20 tofauti katika miili ya watu hao wanane. Koti la aina moja, kilti, yaani sketi ya wanaume, ya nyingine, soksi za tatu. Kama kila ukoo ungekuwa na sare yake, basi wale walikuwa wamevaa koo za watu wengine kuanzia kichwani hadi miguuni.

Baada ya Culloden ikaja sheria. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1747 mwanamume au mvulana wa Uskoti, asipokuwa askari wa mfalme, alikatazwa kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Kosa la kwanza, miezi sita gerezani. La pili, miaka saba ya kupelekwa kwenye mashamba ng'ambo. Wanawake hawakuguswa, na tartani haikutoweka nchi nzima kama wanavyopenda kusimulia waongoza watalii. Lakini sheria hiyo ilidumu hadi 1782, miaka 35, na katika muda huo vijiti vya akina mama wale vilikuwa vimekwisha kuwa kuni. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Culloden alifika utu uzima bila kumwona baba yake akivaa kilti.

Waliofaidika walikuwa wengine. Katika kijiji cha Bannockburn, karibu na Stirling, nje kabisa ya Nyanda za Juu, William Wilson alianzisha biashara ya ufumaji miaka ya 1760. Vikosi vya jeshi vya Waskoti vilihitaji tartani kwa maelfu ya yadi, na Wilson na wanawe waliuza. Vitambaa vyao vilitambulika kwa nambari, au kwa jina la mji, au la mteja aliyeagiza, au la mtu maarufu wa siku hizo. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alitaja kimoja kilichoanza kama nambari tupu, kikaitwa Kidd baada ya bwana wa jina hilo kukinunua kwa jumla awavishe watumwa wake wa West Indies, na mwisho kikaandikwa Macpherson. Mkuu wa ukoo huo alikuwa ameomba tartani ya mababu zake, akapewa iliyokuwa rafuni. Aliyevaa kwanza hakuulizwa.

Sioni sababu ya kumlaumu Wilson. Yeye alikuwa mfanyabiashara, na mteja aliingia dukani akiwa na jina tayari mdomoni. Kufikia 1819 kampuni ilikuwa na daftari lake kuu la mifano, zaidi ya mia mbili, na majina ya koo yalikuwa yakiongezeka kila mwaka kwa sababu ndiyo yaliyouzika.

Kisha, Agosti 1822, Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh. Hakuna mfalme anayetawala aliyekuwa amekanyaga Uskoti kwa takriban miaka 170, na aliyepewa kazi ya kupanga sherehe alikuwa Sir Walter Scott, mtunzi wa riwaya, akisaidiwa na Kanali David Stewart wa Garth. Scott aliamua kwamba taifa zima lionekane la Nyanda za Juu, na wakuu wa koo wakatakiwa waje na watu wao wamevaa tartani za koo zao. Bannockburn walilazimika kuongeza mitambo. Mfalme mwenyewe, mnene wa kutisha, alitokea kwenye baraza katika kasri la Holyrood amevaa kilti ya tartani ya Royal Stuart juu ya suruali ya kubana yenye rangi ya ngozi, vazi lililogharimu zaidi ya pauni 1,300. Wachora katuni walipata chakula cha mwezi mzima.

Katuni zinachekesha, ila kuna jambo moja ambalo halichekeshi hata kidogo. Miaka hiyohiyo mabwana wa kaskazini walikuwa wakiwahamisha watu wao kwa nguvu kupisha kondoo. Katika bonde la Strathnaver, kwenye milki ya Sutherland, familia zilitolewa mwaka 1814 na tena 1819, na mapaa ya nyumba yakachomwa moto ili wasirudi. Milki hiyohiyo ilipeleka wanaume Edinburgh wakiwa wamevikwa tartani. MacDonell wa Glengarry, aliyetembea kila mahali na kundi la walinzi waliovalia kikamilifu na aliyegombana na kila mtu kuhusu nani ni Mskoti halisi wa milimani, alikuwa akiwaondoa wapangaji wake mwenyewe, watu wa jina lake. Ukoo, kwa maana ya watu wanaoitana ndugu na kulima bonde moja, ulikuwa ukipakiwa melini kwenda Kanada. Kilichobaki mikononi mwa mkuu kilikuwa jina, nembo na kitambaa. Si ajabu kitambaa kikapanda thamani.

Hilo ndilo soko walilolikuta ndugu wawili.

Walizaliwa na jina la Allen, John na Charles, wana wa afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Thomas Allen. Walipofika Uskoti jina likawa Allan, kwa sababu ndivyo Waskoti wanavyoliandika. Baadaye kidogo wakawa Hay Allan, kwa kuwa Hay ni ukoo wa heshima. Kisha Stuart ikaingia, Hay ikatoka, na mwisho wakawa John Sobieski Stuart na Charles Edward Stuart, wakieleza kwa mafumbo kwamba baba yao hakuwa Allen kamwe. Alikuwa mwana halali wa yule mwanamfalme aliyeshindwa Culloden na mkewe Louise wa Stolberg, aliyefichwa utotoni na kukabidhiwa kwa siri kwa amiri wa meli ya Kiingereza. Historia inasema mwanamfalme na Louise hawakupata mtoto. Ndugu hawa hawakubishana na historia. Walitabasamu tu, wakabadilisha mazungumzo. Jina la Sobieski walilipata kwa bibi wa Kipolandi, mama wa mwanamfalme, mjukuu wa mfalme wa Poland.

Walikuwa watu wa kupendeza. Sura nzuri, wawindaji hodari, walijifunza Kigaeli vizuri na walijua kweli mambo mengi ya mavazi na silaha za zamani. Lord Lovat aliwajengea nyumba kwenye kisiwa cha Eilean Aigas katikati ya mto Beauly, wakaishi huko kama wafalme walio uhamishoni. Jumapili walikwenda kanisani Eskadale kwa mashua yenye bendera. Hakuna aliyewalazimisha wenyeji kuamini. Waliamini kwa sababu ilipendeza kuwa na mfalme jirani, na asiye na jeshi hamdhuru mtu.

Mwaka 1829 walimwonyesha Sir Thomas Dick Lauder, mtu msomi na mwema, nakala ya hati ya zamani. Jina lake lilikuwa *Vestiarium Scoticum*, na iliorodhesha tartani za koo za Uskoti kwa hesabu ya mistari na rangi, kwa Kiskoti cha zamani. Nakala hiyo, walisema, ilipatikana kwa mzee mmoja wa ukoo wa Ross. Lakini ipo nyingine bora zaidi, ya karne ya 16, iliyokuwa mali ya John Leslie, Askofu wa Ross na mtu wa karibu wa Malkia Mary wa Uskoti. Hiyo imehifadhiwa na baba yao, London.

Lauder alifurahi mno. Alianza kuinakili hati nzima kwa mkono wake na kuchora kila tartani kwa rangi, akamwandikia Scott kumweleza hazina hiyo. Tayari, alisema, mkuu wa MacLeod amepata mchoro wa tartani yake tukufu: mistari mitatu myeusi kwenye uwanja wa njano.

Scott alikuwa mtu wa hadithi, na ndiye aliyempamba mfalme kwa kilti miaka saba kabla. Lakini aliwahi kusomea sheria na alikuwa karani wa mahakama kuu. Alijua hati ni nini. Alijibu kwamba hana imani nayo. Watu wa Nyanda za Chini, yaani Waskoti wa kusini, hawakuwahi kuvaa tartani za koo, na hati hii inawapa familia kwa familia. Na kama kweli ipo hati ya karne ya 16, ipelekwe Jumba la Makumbusho la Uingereza, wataalamu waikague, shauri liishe.

Tazama jibu lililokuja, kwa sababu kisa kizima kimekaa humo. Hati ya London haiwezi kutolewa. Ina maandishi ya siri ya familia kwenye kurasa zake, hayafai kuonwa na macho ya nje. Haikusemwa kwamba haipo, wala kwamba imepotea. Ipo, ni bora kuliko hii mliyoiona, inathibitisha kila kitu, ila sababu ya heshima inazuia kuionyesha. Mtu yeyote aliyewahi kuuziwa kiwanja ambacho hati yake iko kwa wakili aliyesafiri anaujua wimbo huo.

Lauder naye? Aliendelea kuamini. Miongoni mwa familia za kusini zilizotajwa kwenye hati kuwa na tartani yake ilikuwamo Lauder. Ni vigumu kukitilia shaka kitabu ambacho jina lako limo.

Scott akafa mwaka 1832. Ndugu walingoja miaka kumi, na mwaka 1842 *Vestiarium Scoticum* ikachapishwa mjini Edinburgh, kitabu kikubwa cha fahari, nakala 50 tu, chenye picha za rangi za tartani 75. Miaka miwili baadaye wakatoa kingine kuhusu mavazi ya koo, na hicho, lazima isemwe, kina utafiti wa kweli ndani yake, jambo linalofanya mtu aumie zaidi: wangeweza kuwa wasomi wa kuheshimiwa bila kusema uongo hata mmoja. Mwaka 1847 walizidisha. Walichapisha masimulizi ya mtoto wa kifalme aliyefichwa, na jarida la *Quarterly Review* likawageukia, likachambua nasaba yao na hati yao mpaka pasibaki nguo mwilini. Maisha ya Eilean Aigas yakaisha. Miaka yao ya uzeeni waliimaliza London, katika chumba cha kusomea cha Jumba la Makumbusho la Uingereza, mahali palepale ambapo Scott alitaka hati yao ipelekwe, wakiandika kwa kalamu zilizopambwa kwa taji la dhahabu. John alikufa 1872, Charles 1880. Wote wamezikwa Eskadale.

Nakala ya mzee Ross ilikaguliwa mwaka 1895 kwa ajili ya gazeti la *Glasgow Herald*. Mkemia alikuta dalili kwamba ilipakwa dawa ili ionekane ya zamani kuliko ilivyo. Mwaka 1980 Donald Stewart na Charles Thompson waliichambua lugha yake, mstari kwa mstari, na kuonyesha kwamba haiwezi kuwa ya karne ya 16. Hati ya London haijaonwa na mtu hadi leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii imepita miaka 180 na bado inakwenda. Ingia leo duka lolote la kilti la Edinburgh uulize tartani ya MacLeod wa Lewis: utaletewa njano kali yenye mistari myeusi, iliyotoka moja kwa moja katika kitabu cha ndugu hao. Uliza ya ukoo wa Scott, utaletewa nyekundu; nayo ni ya kitabu hichohicho. Aliyekataa kudanganywa amevishwa kwa nguvu akiwa kaburini. Na hao wanaoinunua hawajaibiwa, kwa sababu kitambaa ambacho watu wa vizazi sita wamefunga ndoa na kuzikwa nacho kimekwisha kuwa chao. Ninachokataa ni kuambiwa kilikuwa chao mwaka 1500.

Kwa anayetaka kununua, au anayepewa zawadi na rafiki wa Kiskoti, kuna mambo ambayo muuzaji hasemi mpaka aulizwe. Tartani inayoitwa ya "kale" si ya kale. Ni mpangilio uleule uliofumwa kwa rangi zilizofifishwa, kuiga rangi za mimea, nayo "ya kisasa" ni rangi nzito za viwandani za karne ya 19. Mtindo wa rangi zilizochakaa, kana kwamba kitambaa kimefukuliwa, ulibuniwa katika miaka ya 1940. Tartani "ya sherehe" hubadilisha uwanja wa rangi moja kuwa mweupe. "Ya uwindaji" huugeuza kijani au kahawia. Zipo za wilaya, na hizo kwa kweli ndizo zinazokaribia zaidi alichokiona Martin. Zipo za vikosi, na ile ya kijani na buluu iliyokolea ya kikosi cha Black Watch ni ya karne ya 18 bila shaka yoyote. Prince Albert alibuni ya Balmoral, na ufalme haujaona aibu kusema nani aliibuni na lini. Tangu Februari 2009 serikali ya Uskoti ina rejista rasmi, ambako hata kampuni au timu ya mpira inaweza kuandikisha tartani yake kwa kulipa ada. Rejista inaandika jina la mbunifu na tarehe. Ingekuwapo mwaka 1829, ndugu wawili wangejaza fomu, wakaweka majina yao, na miundo yao mizuri, maana mingi ni mizuri kweli, ingevaliwa vilevile.

Habari hizi ziliwafikia wasomaji wengi mwaka 1983, katika kitabu kuhusu mila zilizobuniwa kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger. Ranger huyo ndiye aliyekuwa profesa wa historia Dar es Salaam miaka ya 1960, na sura yake mwenyewe kitabuni inahusu Afrika chini ya wakoloni: jinsi maafisa walivyotafuta "mila halisi" na "chifu halisi" kwa bidii, na jinsi wazee wenye akili walivyowapa walichokitafuta. Tanganyika ilikuwa shamba zuri la kazi hiyo. Tangu 1925 Gavana Donald Cameron alitaka kila watu wawe na kabila lenye mipaka na mkuu anayejulikana, na pale ambapo hapakuwa na mkuu, nasaba zilianza kurefuka. Yako mashauri ya ardhi yaliyoamuliwa kwa nasaba za namna hiyo. Anayekusanya historia ya ukoo wake leo, akiandika yanayosemwa na wazee kwenye simu yake, afanye kama Robertson wa Struan, awaulize watano badala ya mmoja. Ila wakitofautiana, aandike tofauti zao zote kama zilivyo.

Sura ya tartani katika kitabu hicho iliandikwa na Trevor-Roper, na ni ya kufurahisha mno, imejaa kejeli juu ya wakuu wa koo waliopiga muhuri wasichokijua na Lauder aliyeamini hati asiyoiona. Wanahistoria wa Uskoti wamemsahihisha mahali kadhaa, kwani hakuipenda Uskoti na ilionekana. Lakini kuhusu ndugu wa Eilean Aigas alikuwa sahihi.

Aprili ya mwaka huohuo, 1983, Trevor-Roper alipelekwa kwenye benki moja mjini Zurich kukagua shajara za Adolf Hitler zilizopatikana na jarida la *Stern* la Ujerumani, naye alikuwa bingwa wa siku za mwisho za Hitler. Juzuu zilikuwa nyingi, zimepangwa mezani pamoja na barua na michoro. Aliambiwa karatasi imekwisha kupimwa. Aliambiwa aliyezileta anajulikana, ila hawezi kutajwa. Aliandika katika gazeti la *The Times* kwamba ni za kweli. Siku mbili baadaye, mbele ya waandishi wa habari mjini Hamburg, alianza kusitasita, na mwanzoni mwa Mei Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilitangaza kwamba karatasi ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita. Shajara zote ziliandikwa na mghushi mmoja wa Stuttgart, Konrad Kujau. *Stern* walikuwa wamelipa zaidi ya mark milioni 9 za Ujerumani.